Kipimo cha mifupa: akina mama wa Matonge wasisubiri kuvunjika

Kabla ya kulala kwenye kitanda cha kipimo cha mifupa, mgonjwa huombwa avue kila chenye chuma kati ya mbavu na mapaja: mkanda, zipu, sidiria yenye kulabu, pini iliyoshikilia kitenge, hata sarafu zilizofungwa kwenye pindo. Kwa wanawake wengi wa Afrika Mashariki na Kongo kuna kitu kimoja zaidi ambacho mhudumu wa Kizungu huenda asikifikirie, na mama mwenyewe akaona haya kukitaja: shanga za kiunoni. Shanga hizo hukaa karibu na pingili za chini za uti wa mgongo, zile zile ambazo mashine inataka kuzipima, na shanga za kioo au chuma huweza kuingia kwenye picha na kuongeza uzito ambao mfupa hauna. Mama aliyezivaa tangu usichana wake anaweza kutoka hospitalini na karatasi inayosema yuko salama, kumbe sehemu ya usalama huo ni kioo.

Jambo hili ni dogo na dawa yake ni sekunde chache za kufungua uzi. Lakini linaonyesha tatizo kubwa ambalo makala haya yanalishughulikia. Kipimo cha msongamano wa mifupa, ambacho kwenye karatasi za hospitali za Brussels huandikwa ostéodensitométrie, ni miongoni mwa vipimo vyepesi kuliko vyote katika tiba ya kisasa. Hakina sindano, hakina maumivu, hakihitaji kufunga kula. Ugumu wake uko kabla na baada ya kitanda: nani anapelekwa, maswali gani anaulizwa, na namba inayotoka inalinganishwa na mwili wa nani. Katika mambo hayo matatu mwanamke wa Kiafrika anayeishi Ixelles, manispaa ya Brussels, anaweza kupitwa bila mtu yeyote kukusudia kumpita.

Kizazi kilichofika umri

Matonge, mtaa wa Ixelles uliopata jina lake kutoka kwa Matonge ya Kinshasa, ulianza kuwa kituo cha Wakongo miaka ya uhuru, wakati wanafunzi walipokuwa wakifikia kwenye bweni la Maison Africaine. Baadaye wakaja wafanyabiashara, kisha wakimbizi wa miaka ya 1990 kutoka Kongo, Rwanda na Burundi. Lugha inayosikika zaidi barabarani chaussée de Wavre ni Kilingala na Kifaransa, lakini watu wa Bukavu, Goma, Uvira, Lubumbashi na Bujumbura wanaongea Kiswahili chao pale pale, mbele ya magunia ya ndakala na mafungu ya sombe. Wanawake waliofika wakiwa na miaka 25 au 30 sasa wamefikisha 55, 60, 65. Hedhi imekoma, kinga ya homoni ya estrojeni imeshuka, na mifupa imeingia katika kipindi ambacho hupungua kwa kasi kuliko kipindi kingine chochote cha utu uzima.

Ugonjwa wenyewe, osteoporosisi, hauna dalili mpaka mfupa uvunjike. Shirika la kimataifa la osteoporosisi, IOF, linakadiria kwamba duniani mwanamke mmoja kati ya watatu wenye zaidi ya miaka 50, na mwanamume mmoja kati ya watano, atavunjika mfupa kwa sababu hii kabla ya kufa. Mfupa wa nyonga ndio unaotisha. Takriban mtu mmoja kati ya watano hufariki ndani ya mwaka mmoja baada ya kuvunjika nyonga, na wengi wa wanaobaki hawarudi tena kutembea kama zamani. Kwa mama anayeishi peke yake ghorofa ya tatu katika nyumba kuukuu ya Ixelles isiyo na lifti, kuvunjika nyonga ni kupoteza nyumba.

Robo saa kitandani

Anayepelekwa na daktari wake ajue hivi. Ale chakula kama kawaida, ila vidonge vya kalsiamu viachwe siku moja kabla. Aliyefanyiwa hivi karibuni kipimo cha kunywa bariamu au kuchomwa dawa ya kung'arisha picha aseme wakati wa kuomba miadi, kwa sababu mabaki yake huvuruga matokeo na itabidi asubiri. Mwenye mimba, au anayeshuku kuwa nayo, aseme vilevile. Akifika atapimwa urefu na uzito. Urefu una maana yake: mtu aliyepungua sentimita kadhaa tangu ujana wake huenda ana pingili zilizobonyea bila yeye kujua.

Mashine haina handaki. Ni kitanda kilicho wazi, na juu yake mkono unaopita taratibu. Kwa picha ya kiuno, miguu hunyanyuliwa juu ya sponji kubwa ili mgongo ulale bapa kitandani. Kwa picha ya nyonga, mguu mmoja hunyooshwa, ukageuzwa kidogo kwa ndani na kufungwa kwenye kibao ili usitikisike. Pozi hili ndilo pekee linaloweza kumsumbua mwenye maumivu ya nyonga, na anayeumia aseme mapema badala ya kuvumilia, kwa sababu mguu ukigeuzwa vibaya namba hubadilika. Yote huisha kwa dakika 10 hadi 20. Anayeendesha mashine kwa kawaida hatasema kitu kuhusu matokeo. Kukaa kwake kimya hakuna siri, kazi ya kuyasoma ni ya daktari aliyemtuma mgonjwa.

Hofu ya mionzi ni ya haki, na jibu lake lipo. Kipimo hiki hutumia eksirei za nguvu ndogo mno, kiasi kinachokaribiana na mionzi ya kawaida ambayo kila mtu huipata kutoka ardhini na angani kwa siku moja au mbili. Abiria wa ndege kutoka Brussels hadi Entebbe hupata zaidi ya hapo akiwa amekaa kwenye kiti chake.

Wastani wa nani?

Namba inayotoka huitwa T. Inasema mfupa wa mgonjwa uko juu au chini kiasi gani ukilinganishwa na wa kijana mwenye afya. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliweka mipaka inayotumika hadi leo: kuanzia −1 kwenda juu ni kawaida, kati ya −1 na −2.5 mfupa umepungua, −2.5 kushuka chini ni osteoporosisi. Kila hatua moja kamili kwenda chini kwenye nyonga huongeza hatari ya kuvunjika nyonga kwa zaidi ya mara mbili.

Kijana huyo wa kulinganishwa ni nani? Kwa mfupa wa nyonga, ni wanawake weupe wa Marekani wenye miaka 20 hadi 29 waliopimwa katika utafiti wa taifa wa afya wa nchi hiyo kati ya 1988 na 1994. Inafaa kukumbuka kwamba dhana yenyewe ya kumpima mtu kwa kumweka kando ya wastani ililelewa katika mji huu huu wa Brussels. Adolphe Quetelet, mwanzilishi wa kituo cha falaki cha kifalme, alitangaza wazo lake la mtu wa wastani mwaka 1835, na ni yeye aliyetuachia hesabu ya uzito kwa urefu ambayo madaktari wanaitumia hadi leo. Wastani ni chombo chenye nguvu. Pia huficha swali la nani alihesabiwa.

*"Namba ya T inamlinganisha mama wa Uvira na msichana mweupe wa Marekani wa miaka ya 1990."*

Hapo msomaji mkali atauliza: kama kipimo si chetu, tunakitafutia nini? Swali ni zuri, lakini linakosea kuhusu kazi ya kipimo. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa densitometria, ISCD, kinapendekeza rejeo hilo hilo moja kwa wanawake wa asili zote, na sababu yake ni ya msingi. Wanawake weusi wa Marekani kwa wastani wana mifupa mizito kuliko weupe. Kama kila kundi lingepimwa kwa vijana wake, mwanamke mweusi mwenye mfupa sawa kabisa na jirani yake mweupe angeambiwa ni mgonjwa zaidi, ilhali hatari yake ni ndogo. Rejeo moja linatoa mstari mmoja wa kuanzia. Kosa linatokea pale daktari au mgonjwa anapouchukua mstari huo kuwa hukumu nzima, wakati ni ushahidi mmoja unaopaswa kusomwa pamoja na maisha ya mtu.

Hoja ya mifupa migumu

Upinzani mzito zaidi unatoka kwenye sayansi yenyewe, na haufai kupuuzwa. Mwaka 1968 daktari Louis Solomon alichapisha utafiti wa Johannesburg ulioonyesha kwamba Waafrika weusi walivunjika nyonga kwa nadra mno. Mwaka 1996 watafiti waliofanya kazi vijijini Gambia walipata jambo la kushangaza zaidi: wanawake wazee wenye mifupa myepesi, waliokula kalsiamu kidogo maisha yao yote, lakini waliovunjika kwa nadra. Na mwaka 2005 utafiti mkubwa wa Marekani uliofuata maelfu ya wanawake wazee ulithibitisha kwamba katika kila kiwango cha msongamano wa mfupa, wanawake weusi walivunjika kidogo kuliko weupe. Kwa hiyo wazo kwamba mifupa ya Mwafrika ni imara lina mizizi ya kweli, na ndiyo sababu limeota kwenye vichwa vya madaktari na vya wagonjwa vilevile.

Lakini tazama ushahidi huo unasema nini hasa. Utafiti wa Marekani ulionyesha pia kwamba ndani ya kundi la wanawake weusi, mfupa ukipungua hatari hupanda, kama kwa wengine wote. Kipimo kilitabiri, kilichotofautiana ni mahali pa kuanzia. Johannesburg ya 1968 nayo ilikuwa na wazee wachache na kazi nyingi za mwili, na tafiti za karibuni za Afrika Kusini zimepata viwango vya kuvunjika nyonga miongoni mwa weusi vilivyo juu kuliko vile vya zamani. Mwanamke wa kijijini Gambia alitembea, akalima, akabeba maji na kupigwa na jua kila siku ya mwaka. Mama wa Ixelles anafanya usafi wa ofisi alfajiri kabla ya jua kuchomoza na kurudi nyumbani likiwa limezama. Brussels iko karibu nyuzi 51 kaskazini mwa ikweta. Kuanzia Oktoba hadi Machi jua lake liko chini mno kwa ngozi kutengeneza vitamini D ya kutosha, na ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi wa jua kuliko nyeupe kufikia kiasi kile kile. Mwili uliolindwa na mazingira ya Gambia hauwezi kudai ulinzi ule ule chini ya mawingu ya Februari.

Na hata pale hatari ya kundi ni ndogo, hatari ya mtu mmoja inaweza kuwa kubwa. Wastani wa kundi hauvunjiki nyonga. Anayevunjika ni mtu. Tafiti za Marekani zimeonyesha mara kwa mara kwamba wanawake weusi hupelekwa kwenye kipimo hiki kwa nadra kuliko weupe, hata wenye sababu zile zile za kupelekwa. Ubelgiji haiwezi kujibu kama hapa ni hivyo hivyo, kwani takwimu zake za afya hurekodi uraia na nchi ya kuzaliwa, na si rangi. Brussels ina utafiti wake mzuri, FRISBEE, uliowafuata wanawake 3,560 wa miaka 60 hadi 85 kupitia hospitali ya Brugmann. Umefundisha mengi kuhusu nani anavunjika, na umeonyesha pia kwamba wanawake wengi waliokwisha kuvunjika hawakuwa wamepewa dawa yoyote ya mifupa. Kama hilo linawapata wanawake wanaoijua lugha ya daktari wao na milango yote ya mfumo, ni vigumu kuamini kwamba asiyeijua yuko salama zaidi.

Maswali ambayo hayaulizwi

Fomu za kukadiria hatari, pamoja na FRAX iliyotoka Sheffield mwaka 2008, huuliza umri, uzito, sigara, pombe, steroidi, kuvunjika kwa awali, na kama mzazi alivunjika nyonga. Swali hilo la mwisho linaonekana jepesi. Kwa mama aliyezaliwa Fizi ya Kongo au Rutana ya Burundi lina mtego. Mama yake alianguka uani, akashindwa kusimama, akalala kitandani miezi mitatu, akazikwa. Hakuna eksirei iliyopigwa, hakuna aliyelitaja neno nyonga. Bibi aliyepinda mgongo mpaka akawa anatazama chini alihesabiwa kuwa mzee tu, ilhali mgongo wa namna hiyo mara nyingi ni pingili zilizovunjika moja baada ya nyingine. Binti wa familia hiyo atajibu "hapana" kwa uaminifu wote, na daktari ataandika hapana. Bima ya afya ya lazima ya Ubelgiji hurejesha gharama ya kipimo kwa walio na sababu maalumu tu, na historia ya familia ni mojawapo. Swali la kweli lingekuwa: kuna mzee kwenu aliyeanguka akashindwa kuinuka tena, au aliyepinda?

*"Kuna mzee kwenu aliyeanguka akashindwa kuinuka tena? Hilo ndilo swali."*

Steroidi zina mtego mbaya zaidi. Daktari akiuliza kama mgonjwa anatumia kortisoni, mgonjwa hufikiria vidonge. Hafikirii krimu ya kujichubua. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina clobetasol, mojawapo ya steroidi kali kuliko zote zinazopakwa, ambayo kisheria Ulaya hutolewa kwa cheti cha daktari pekee lakini imekuwa ikiuzwa kwa kificho. Utafiti wa Denmark uliochapishwa 2021, uliohusisha zaidi ya watu laki saba, ulikuta kwamba kadiri mtu alivyotumia steroidi kali za kupaka kwa wingi, ndivyo hatari ya osteoporosisi na ya kuvunjika ilivyopanda. Wagonjwa wale walipaka sehemu zenye maradhi. Anayejichubua hupaka mwili mzima, kila siku, kwa miaka. Mwanamke huyu ana kila sababu ya kupimwa, na hakuna atakayelijua hilo kama mazungumzo yataanza kwa kumwaibisha.

Orodha inaendelea. Sindano ya Depo-Provera, ambayo mamilioni ya wanawake Afrika Mashariki wamechomwa kupanga uzazi, imebeba onyo rasmi la Marekani tangu 2004 kuhusu kupungua kwa mifupa. Sehemu kubwa ya mfupa hurudi baada ya kuacha, lakini aliyeitumia kwa miaka mingi amwambie daktari. Dawa ya tenofovir disoproxil, nguzo ya tiba ya VVU kwa miaka mingi, hupunguza mfupa kidogo, hasa mwanzoni mwa tiba. Mwanamke aliyetolewa kizazi pamoja na ovari kwa sababu ya uvimbe, akiwa na miaka 40, ameanza kupoteza mifupa muongo mzima kabla ya wenzake. Selimundu nayo huumiza mifupa kwa njia zake.

Je, tupime kila mtu?

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inafungulia mlango vipimo na vidonge visivyohitajika. Wana haki ya kuonya. Mtu mwenye miaka 50, mzima, asiye na sababu yoyote, hahitaji mashine. Na kumtia hofu kwa namba ya −1.3 ni kumdhuru. Tena kipimo peke yake hakitoshi: sehemu kubwa ya mifupa inayovunjika ni ya watu ambao namba yao haijafika −2.5. Lakini onyo hilo linaunga mkono hoja yangu badala ya kuipinga. Kama tunataka kupima wachache walio na sababu, lazima sababu zenyewe zitafutwe kwa maswali yanayolingana na maisha ya anayeulizwa. Kubana vipimo kwa fomu isiyomwona mgonjwa si uangalifu wa fedha. Nyonga moja iliyovunjika inagharimu upasuaji, wiki za hospitali na mara nyingi matunzo ya maisha.

Lugha nayo ina jawabu linalopatikana. Hospitali nyingi za Ubelgiji zina wapatanishi wa tamaduni, wale wanaoitwa médiateurs interculturels, na shirika la SeTIS Bruxelles hutoa wakalimani kwa huduma za jamii na afya. Mkalimani anaombwa wakati wa kupanga miadi. Mtoto wa miaka 15 asifanywe mkalimani wa maswali kuhusu hedhi ya mama yake na krimu anazopaka. Majibu yatakuwa ya heshima na ya uongo. Asiye na hati za ukaazi aanzie CPAS ya Ixelles, ofisi ya ustawi wa jamii, kuulizia msaada wa tiba uitwao aide médicale urgente, ambao licha ya jina lake hauishii kwenye dharura.

Baada ya namba

Matokeo yakiwa mabaya, tiba ipo na inafanya kazi. Kwanza ni vitamini D pale inapopungua, na kalsiamu kutoka kwenye chakula. Hapa jikoni kwetu kuna hazina ambayo mtaalamu wa lishe asiyetujua atashindwa kuishauri: ndakala, sambaza na dagaa huliwa na mifupa yao, na ndimo kalsiamu ilimo, jambo kubwa kwa wengi wetu ambao maziwa huwachafua tumbo. Kutembea, kupanda ngazi na mazoezi ya kusimama imara huzuia kuanguka. Kisha vidonge vya alendronate, mara moja kwa wiki, kwa glasi nzima ya maji kabla ya kula, na mgonjwa asilale kwa nusu saa.

Dawa ya pili inahitaji tahadhari maalumu kwa jamii inayosafiri. Denosumab ni sindano ya kila miezi 6. Inafanya kazi vizuri, lakini ikikatizwa mfupa hupungua kwa kasi, na wapo waliovunjika pingili kadhaa za mgongo miezi michache baada ya kukosa sindano. Akina mama wengi wa Ixelles hurudi nyumbani kwa msiba, arusi au kulea wajukuu, wakienda kwa wiki sita na kukaa miezi minane. Daktari asiyeuliza kuhusu safari anaweza kumpa mama huyu dawa iliyo bora kwa jirani yake na ya hatari kwake. Mama mwenyewe aseme mapema: nitakuwa Bukavu kuanzia Juni, sijui nitarudi lini. Mara nyingi kuna dawa nyingine, ikiwemo zoledronate inayotolewa kwa dripu mara moja kwa mwaka, na uamuzi huo unapaswa kufanywa kabla ya sindano ya kwanza.

Kipimo cha marudio kifanyike kwenye mashine ile ile, kwa sababu mashine za makampuni tofauti hutoa namba zisizolinganishika moja kwa moja, na tofauti ya asilimia mbili inaweza kuwa ya mashine tu. Nakala ya matokeo, pamoja na picha, ni haki ya mgonjwa kwa sheria ya Ubelgiji. Aiombe na kuihifadhi, maana kote Afrika Mashariki mashine hizi ziko katika hospitali chache za miji mikubwa, na daktari wa Bujumbura au Bukavu atakayempokea akiwa ameanguka hatakuwa na namba nyingine ya kuanzia ila hiyo.